Udhamini wa mwenza Kanada: tathmini ya huduma kwa kuangalia muda wa hati zake

Huduma ya serikali ya Kanada ya kumdhamini mume au mke ili apate ukaazi wa kudumu huzungumzwa zaidi kwa mambo mawili, gharama yake na urefu wa kusubiri, ilhali lipo jambo la tatu linaloweza kumponza hata aliyelipa kila senti na kusubiri bila kunung'unika: muda wa uhalali wa hati. Katika tathmini hii nitaipima huduma hiyo, inayotolewa na Idara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia ya Kanada ambayo wengi wetu tunaiita IRCC, kwa kigezo hicho kimoja. Hati zake zinadumu kwa muda gani, tarehe zake zinatokana na nini, na mwombaji anaelezwa hayo mapema kiasi gani? Hukumu yangu naitoa mwanzoni ili msomaji ajue ninaelekea wapi: hadhi inayopatikana mwishoni ni imara kuliko inavyodhaniwa, lakini karatasi inayomfikisha mwombaji kwenye hadhi hiyo ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na bei. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 30 Aprili 2024, ada ya mdhamini ilikuwa dola 85 za Kanada, ada ya kushughulikia ombi la mwenza dola 545, na ada ya haki ya ukaazi wa kudumu dola 575, jumla dola 1,205. Juu yake huongezwa dola 85 za alama za vidole na picha. Ada za ukaazi hurekebishwa kila baada ya miaka miwili, hivyo anayepanga bajeti aangalie kiwango cha siku anayolipa. Gharama za daktari, cheti cha polisi na tafsiri za nyaraka ziko nje ya hesabu hiyo. Katika fedha hizo, ni ile ada ya haki ya ukaazi ambayo hurudishwa hata baada ya ombi kushughulikiwa, iwapo mwombaji amekataliwa, amejiondoa, au hakuitumia viza yake. Nitairudia chini, kwa sababu inahusiana moja kwa moja na tarehe za kuisha.

Njia za kuomba ziko mbili, na tofauti yake ni ya msingi katika suala la tarehe. Ya kwanza ni ya mwenza anayeombewa katika kundi la familia akiwa nje ya Kanada. Ya pili ni ya mwenza ambaye tayari anaishi na mdhamini wake ndani ya nchi. Mwenza aliye nje, akishaidhinishwa, hana budi kuingia Kanada ndipo awe mkaazi wa kudumu, na kwa sababu hiyo hupewa hati yenye siku ya mwisho ya kuitumia. Mwenza aliye ndani hukamilisha ukaazi wake kwa mtandao, bila kuvuka mpaka wowote, na siku hiyo ya mwisho haimbani kwa namna ile ile. Kwa raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, njia ya kwanza huishia kwenye vitu viwili: viza ya mkaazi wa kudumu inayobandikwa ndani ya pasipoti, na Uthibitisho wa Ukaazi wa Kudumu, ile karatasi ambayo kila mtu huiita COPR.

COPR yenyewe haina mbwembwe. Ina jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, namba ya mteja, kundi la uhamiaji ambalo mtu ameombewa, na tarehe ya kuisha. Kuna pia nafasi zilizoachwa wazi kwa makusudi: mahali na siku ambapo mwenye hati amekuwa mkaazi wa kudumu, jibu la swali la iwapo amewahi kutiwa hatiani au kutakiwa kuondoka Kanada, na saini. Nafasi hizo hujazwa mbele ya ofisa wa mpakani, na mwenye hati hatakiwi kutia saini nyumbani kabla ya safari, hata kama kalamu iko mkononi na furaha imemzidi. Mpaka nafasi hizo zijazwe, anachokishika ni ruhusa ya kwenda kuupokea ukaazi, si ukaazi wenyewe. Wengi huuliza COPR inadumu muda gani wakitarajia kutajiwa idadi moja ya miezi, kama leseni ya udereva. Idadi hiyo haipo. Mke wa mtu mmoja hupewa miezi tisa, mume wa mwingine hupewa wiki chache, na wote wawili wamelipa ada ile ile.

Sababu ni kwamba tarehe ya COPR haihesabiwi kuanzia siku ilipotolewa. Huazimwa kutoka kwenye mambo mawili yaliyotangulia: vipimo vya afya, ambavyo matokeo yake ni halali kwa miezi 12, na pasipoti ya mwombaji. Kinachoisha kwanza kati ya hivyo viwili ndicho kinachoamua. Tuchukue mfano wa mke aliyepimwa tarehe 10 Machi, ombi lake likaidhinishwa katikati ya Novemba, na pasipoti yake bado ina miaka minne. COPR yake itaisha karibu na tarehe 10 Machi mwaka unaofuata, yaani ana kama miezi minne ya kuacha kazi, kufunga nyumba, kuaga na kusafiri. Idhini hiyo ikichelewa hadi mwisho wa Januari, atabaki na wiki sita. Na kama pasipoti yake inaisha Desemba, basi Desemba ndiyo siku yake ya mwisho, hata kama vipimo vya afya bado vina uhai.

Hapa ndipo ninapoanza kuipunguzia huduma alama. Mnamo Desemba 2016 waziri wa uhamiaji wa wakati huo, John McCallum, alitangaza kwamba maombi mengi ya wenza yangeshughulikiwa ndani ya miezi 12, badala ya miaka miwili iliyokuwa imezoeleka. Lilikuwa tangazo jema na lilipokewa vizuri. Lakini lengo la miezi 12 likiwekwa sambamba na vipimo vya afya vinavyodumu miezi 12, anayepimwa mwanzoni kabisa mwa safari yake anaweza kufika mwisho akiwa hana kitu, au akaambiwa apimwe upya na kulipa tena. IRCC yenyewe inaonekana kulijua tatizo hili, kwa maana utaratibu wake wa kawaida kwa wenza ni kumtumia mwombaji maelekezo ya vipimo baada ya ombi kupokelewa, kisha kumpa siku 30 za kwenda kwa daktari aliyeidhinishwa. Kwa hiyo mwombaji hana haja ya kukimbilia hospitali kabla ya kuambiwa. Hata hivyo wapo mawakala, nami namfahamu mmoja, wanaowahimiza wateja wapimwe mapema ili faili lionekane limekamilika. Faili huwa limekamilika kweli, ila muda wa COPR unaanza kuliwa kabla mdhamini hajathibitishwa kuwa anastahili.

Vipimo vyenyewe, kwa haki yake, si kikwazo kikubwa kwa mwenza kama wengi wanavyohofia. Mume au mke anayedhaminiwa hazuiwi kwa hoja kwamba matibabu yake yatalemea huduma za afya za Kanada. Sheria ya uhamiaji inamtoa katika kigezo hicho. Kinachoangaliwa ni iwapo hali yake inahatarisha afya au usalama wa umma, na ndiyo maana kifua kikuu hutazamwa kwa makini. Ukilifahamu hilo, muda wa miezi 12 unaeleweka, kwa kuwa picha ya mapafu ya miaka mitatu iliyopita haisemi lolote kuhusu mapafu ya leo. Malalamiko yangu hayapo kwenye kipimo bali kwenye uamuzi wa kukifanya kipimo kiwe ndicho kinachopanga tarehe ya safari, bila kumwambia mtu jambo hilo siku anapopewa maelekezo ya kwenda kupimwa.

Cheti cha polisi kina kanuni yake tofauti, na watu hukichanganya na vipimo vya afya. Cha nchi anakoishi mwombaji kwa sasa kinatakiwa kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha ombi. Cha nchi aliyokwisha kuhama kinatakiwa kiwe kimetolewa baada ya yeye kuishi huko kwa mara ya mwisho. Kwa maneno mengine, aliyeondoka Uganda mwaka 2019 na hajarudi kuishi huko anaweza kutumia cheti cha 2020 bila shida, mradi alikichukua baada ya kuhama. Kanuni hii ni nzuri, ina mantiki, na imeelezwa wazi. Naitaja ili ionekane kwamba idara inaweza kueleza tarehe vizuri inapoamua.

Kuhusu pasipoti, ushauri wangu ni mfupi: anayebakiza muda mdogo aibadilishe kabla ya kuomba, au walau kabla ya kuombwa aitume kwa ajili ya viza. Namba ya pasipoti imeandikwa kwenye COPR na viza imebandikwa ndani yake, hivyo kuibadilisha baadaye huzalisha barua, maelezo na wasiwasi usio wa lazima.

Je, COPR ikiisha? Kanuni ni kwamba haiongezewi muda, wala viza iliyoambatana nayo haiongezewi. Mwenye tiketi ya ndege iliyopita tarehe ya COPR kwa siku moja ana tiketi isiyo na kazi. Anachoweza kufanya ni kuiandikia ofisi iliyompa hati na kueleza kilichotokea, huku akiwa tayari kuambiwa aanze ombi jipya, pamoja na vipimo vipya, cheti kipya na ada mpya. Wakati wa janga la UVIKO-19 hati za watu wengi ziliishia mikononi mwao kwa sababu mipaka ilikuwa imefungwa, na serikali ikalazimika kubuni utaratibu wa pekee wa kuwatolea hati mpya. Kuanzia tarehe 21 Juni 2021 wote waliokuwa na COPR halali waliruhusiwa kusafiri. Ulikuwa utaratibu wa dharura, na asiyesafiri leo kwa sababu ya harusi ya dada yake au mtihani wa mwisho wa chuo asitarajie huruma ya aina ile. Anachoweza kukidai ni ile ada ya haki ya ukaazi, ambayo hurudishwa kwa kuwa haki yenyewe haikutumika. Ada ya kushughulikia ombi imekwenda.

Kuna njia nyingine ambayo hati hupoteza nguvu kabla ya tarehe yake, nayo inastahili kuzungumzwa zaidi kwa sababu madhara yake hudumu kuliko ya tarehe. COPR hutolewa kwa mtu katika hali aliyokuwa nayo alipoidhinishwa. Ndoa ikivunjika kabla ya safari, hati haina tena msingi, hata kama imebakiza nusu mwaka, na kuitumia kwa kunyamaza ni kuidanganya serikali, kosa ambalo adhabu yake ni pamoja na kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5. Mtoto akizaliwa katikati ya idhini na safari, habari zake zinatakiwa zifike IRCC kabla mama au baba hajapanda ndege. Wapo wanaoona ni busara kumwacha mtoto mchanga kwa bibi yake, kuwahi tarehe, kisha kumwombea baadaye. Kanuni za uhamiaji zinasema kwamba mwanafamilia ambaye hakutajwa na kuchunguzwa wakati mzazi alipokuwa akiupata ukaazi haingii tena katika kundi la familia kwa udhamini wa mzazi huyo. Tangu Septemba 2019 kumekuwa na mpango wa muda wa kuwanusuru baadhi ya watoto na wenza walioachwa nje kwa namna hiyo, lakini kuutegemea mpango wa muda kwa jambo la kudumu ni kucheza na moto. Afadhali COPR iishe kuliko mtoto kufutwa.

Njia ya ndani ya nchi inapata alama bora zaidi kwa upande wa tarehe. Mwombaji aliyeidhinishwa hupokea barua pepe inayomtaka athibitishe kwamba yupo Kanada, kisha huingia katika ukurasa maalumu wa mtandaoni, huthibitisha taarifa zake, hupakia picha, na baada ya hapo hukuta COPR ya kielektroniki imewekwa humo. Siku iliyoandikwa hapo ndiyo siku aliyokuwa mkaazi wa kudumu. Hakuna uwanja wa ndege wala hofu ya miezi 12. Hati hiyo ya kielektroniki inatosha kuthibitisha hadhi kwa mwajiri au kwa ofisi ya bima ya afya ya mkoa, lakini haifai kwa safari. Anayetoka nje ya nchi kabla ya kadi kufika atakwama kwenye kaunta ya shirika la ndege. Wakati wote wa kusubiri idhini, tarehe zinazombana mwenza wa ndani ni za vibali vyake vya muda: kibali cha mgeni, kibali cha kazi, na namba ya bima ya jamii ambayo kwa watu wa muda huanza na 9 na ina siku ya kuisha. Akishakuwa mkaazi wa kudumu hupata namba nyingine isiyoanza na 9 na isiyoisha. Kasoro ya njia hii haiko kwenye tarehe. Ombi likikataliwa, mdhamini hana haki ya kukata rufaa katika Divisheni ya Rufaa ya Uhamiaji kama alivyo mdhamini wa mwenza aliye nje, bali hubaki na Mahakama ya Shirikisho, ambako huanza kwa kuomba ruhusa ya kusikilizwa.

Tukishavuka siku ya kupokelewa, yaani siku mtu anapokuwa mkaazi wa kudumu, picha inabadilika kabisa, na hapa ndipo huduma hii inapostahili sifa ambazo haizipati. Ukaazi wa kudumu hauishi. Kinachoisha ni kadi. Kadi ya mkaazi wa kudumu, iitwayo kadi ya PR, kwa kawaida hutolewa kwa miaka 5, na mara chache kwa mwaka 1, na tarehe iliyochapishwa juu yake ni ya kadi yenyewe, kama kitambulisho chochote kingine. Mwenye kadi iliyoisha na ambaye hajaondoka Kanada bado ni mkaazi wa kudumu, anafanya kazi kihalali, anatibiwa, na watoto wake wanasoma. Hadhi hupotea kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria: kuwa raia, kujivua kwa hiari, amri ya kuondolewa nchini inayoanza kutekelezwa, au uamuzi wa mwisho kwamba hakutimiza wajibu wa kuishi Kanada. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao na kazi nzuri, wakiongea kana kwamba kadi ikiisha Ijumaa basi Jumamosi wao ni wahamiaji haramu. Si kweli, na ni vizuri ikemewe.

Kadi ya kwanza hutolewa bila ada ya ziada, kwa posta, na kwa anwani ya ndani ya Kanada tu. Mkaazi mpya ana siku 180 tangu apokelewe za kuipa IRCC anwani na picha; akizipita, huomba kadi kwa utaratibu wa kawaida na kulipa dola 50. Aliye nje ya nchi huku kadi yake imeisha au imepotea huomba hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, nayo ni dola 50, ili shirika la ndege limruhusu kupanda. Kwa waliozoea kwenda na kurudi Afrika Mashariki kila mwaka, huu ndio usumbufu halisi wa kadi: kazi yake kubwa ni kumridhisha mfanyakazi wa shirika la ndege.

Wajibu wa kuishi Kanada ni siku 730 ndani ya kila kipindi cha miaka 5, na si lazima zifuatane. Kwa mwenza aliyedhaminiwa kuna upendeleo mkubwa ambao unatajwa kidogo mno: siku anazokaa nje ya Kanada akiwa ameandamana na mume au mke wake ambaye ni raia wa Kanada huhesabiwa kana kwamba aliishi nchini. Mke wa raia aliyepata kazi Dubai kwa miaka minne anaweza kurudi akiwa na siku zake zote. Mdhamini akiwa naye ni mkaazi wa kudumu tu, mlango ni mwembamba zaidi, kwani ni lazima mdhamini huyo awe anafanya kazi ya muda kamili kwa kampuni ya Kanada au kwa serikali ya Kanada au ya mkoa wake. Neno "kuandamana" limewahi kubishaniwa katika rufaa, hasa pale ambapo mkaazi ndiye aliyetangulia nje na raia akamfuata, hivyo anayeutegemea upendeleo huu atunze cheti cha ndoa, mikataba ya nyumba na mihuri ya pasipoti inayoonyesha waliishi pamoja na walihama kwa ajili ya nani.

Uvumi mwingine unaozunguka ni kwamba mwenza aliyedhaminiwa hunyang'anywa ukaazi ndoa ikivunjika kabla ya miaka miwili. Uvumi huo una chanzo cha kweli. Kuanzia tarehe 25 Oktoba 2012, wenza ambao uhusiano wao ulikuwa wa miaka miwili au chini ya hapo na hawakuwa na mtoto walipewa ukaazi wenye sharti la kuishi na mdhamini kwa miaka miwili. Sharti hilo liliondolewa Aprili 2017, hata kwa waliokuwa chini yake. Liliondolewa kwa sababu lilimfunga mtu anayepigwa au kunyanyaswa ndani ya nyumba ya mdhamini wake, akiogopa kwamba kutoka ni kupoteza nchi. Leo, ukaazi wa mwenza aliyeingia kwa ndoa ya kweli hautegemei ndoa hiyo kuendelea. Mdhamini anayetishia kwamba ataandika barua na kadi ifutwe anatishia kwa kitu asichokuwa nacho. Kinachoweza kufuta ukaazi ni kuthibitika kwamba ndoa ilikuwa ya kughushi tangu mwanzo.

Upande wa pili wa mizani, ahadi ya mdhamini ya kumtunza mwenza kifedha ndiyo isiyolegea. Humfunga kwa miaka 3 tangu siku mwenza alipokuwa mkaazi wa kudumu, na haikatizwi na talaka, kuhama mkoa, kupoteza kazi, wala mwenza kupata uraia. Mwenza akipokea msaada wa kijamii wa serikali katika kipindi hicho, mdhamini hudaiwa fedha hizo. Naye aliyedhaminiwa haruhusiwi kumdhamini mume au mke mwingine kabla ya kutimiza miaka 5 ya ukaazi wake. Haya ndiyo masharti yenye muda ninayoyaona kuwa ya haki: yameandikwa katika fomu, yanasomwa kabla ya kutia saini, na hayabadiliki kwa sababu ya daktari au posta.

Québec inahitaji neno lake. Mdhamini anayeishi huko hutoa ahadi kwa serikali ya mkoa pamoja na kufuata hatua za serikali kuu, na tarehe 26 Juni 2024 mkoa uliweka kikomo cha maombi 13,000 ya udhamini wa familia ambayo ungeyapokea katika kipindi cha miaka miwili. Kwa mwombaji, maana yake ni kwamba nyaraka zenye umri mfupi zinaweza kuzeeka zikisubiri serikali mbili badala ya moja. Kwa kigezo cha tathmini hii, Québec ni toleo baya zaidi la huduma ile ile.

Kwa hiyo, kwa hadhi inayotolewa naipa huduma hii alama 5 kati ya 5, na kwa namna inavyowaeleza wenza walio nje kuhusu uhai wa COPR naipa 2. Marekebisho ninayoyaona ni mepesi. Barua ya maelekezo ya vipimo ingeweza kuwa na sentensi moja inayosema kwamba siku ya kupimwa ndiyo inayopanga siku ya mwisho ya kusafiri, na barua ya kuomba pasipoti ingeweza kutaja tarehe inayotarajiwa kuandikwa kwenye COPR kabla mtu hajanunua tiketi. Mwombaji ambaye bado hana sentensi hizo aandike mwenyewe tarehe mbili, ya vipimo na ya kuisha kwa pasipoti, achukue iliyo karibu, na asinunue tiketi yoyote inayoivuka.

Baada ya kupokelewa, COPR ya karatasi isitupwe eti kwa sababu tarehe yake imepita na kadi imefika. Kama hati ya safari imekwisha kazi, lakini kama kumbukumbu ya siku mtu aliyokuwa mkaazi haina mwisho, na huulizwa miaka mingi baadaye, kwa mfano wakati wa kudai pensheni ya uzeeni. Ikipotea, IRCC haitoi nyingine ya asili. Hutoa hati ya kuthibitisha hadhi kwa dola 30, ambayo nayo haimpandishi mtu ndege.